Karakana ndani ya gari: shajara ya kufunga matairi nyumbani na kazini kwa mteja

14 Januari: gari na vifaa

Tumeanza rasmi. Kazi yenyewe ni kubadilisha matairi, kuziba pancha na kubalansi (kusawazisha uzito wa gurudumu ili lisitetemeke) pale gari lilipo, iwe uani kwa mwenyewe au kwenye maegesho ya ofisi. Naandika hatua kwa hatua ili anayetaka kujenga karakana ya namna hii asianze gizani.

Kuna sababu moja inayonifanya niiamini kazi hii kuliko habari ya kumrahisishia mteja. Tairi lililoishiwa upepo likiendeshwa hata umbali mfupi, ubavu wake hujikunja na kujisaga kwa ndani. Ukilifungua unakuta unga mweusi wa mpira umejaa kwenye rimu, na hapo hakuna kiraka kitakacholiokoa. Msumari uliohitaji kazi ya nusu saa unageuka kuwa tairi jipya, kisa mwenye gari alijikongoja nalo hadi kwa fundi. Fundi akimfuata alipo, tairi linapona.

Gari ni la mizigo, la kufungwa, paa la juu kiasi cha mtu kusimama. Ndani kuna mashine ya kufungua tairi, mashine ya kubalansi, kompresa, betri, jeki na stendi zake, na rafu za matairi. Mashine zimefungwa kwa bolti zinazopenya sakafu hadi kwenye fremu. Skrubu za kwenye ubao hazitoshi, maana breki moja ya ghafla inaweza kuirusha mashine ya kilo mia mbili na ushee mbele alipokaa dereva.

Mpangilio wa kwanza ulikuwa na kompresa na rafu zote nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa ndiko tunakofanyia kazi. Mizani ikaukataa. Uzito wa jumla ulikuwa ndani ya kiwango cha gari, lakini ekseli ya nyuma peke yake ilikuwa imezidi. Kompresa na betri zimehamia nyuma ya viti, na tumeacha kubeba akiba ya matairi. Tairi la gari dogo lina kilo 8 hadi 12, kwa hiyo rafu iliyojaa ni mzigo wa watu kadhaa. Tunabeba yaliyoagizwa kwa siku hiyo tu. Kama utanakili kitu kimoja katika ukurasa huu, nakili hiki: pima kila ekseli peke yake, gari likiwa limejaa na watu wakiwa ndani.

Kuhusu gharama, bila kuhesabu gari lenyewe: ukiligawa fungu letu katika sehemu 100, mashine mbili zimekula 40, umeme 25, jeki na stendi na spana 13, kompresa na mabomba 12, na 10 zimeishia kwenye rafu, taa, hema na vitu vidogo. Sehemu ya umeme niliitarajia iwe ndogo kuliko hapo.

2 Februari: umeme

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda.

Jaribio la kwanza lilikuwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, kwenye betri ya gari, yaani ile ya volti 12 ya kuwashia injini. Hesabu peke yake inaonyesha tatizo. Mota ya wati 1,500 kwa volti 12 inavuta ampea 125, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta unafika kama 140. Hiyo ni mota ikiwa imeshakwenda. Inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, na inveta ikiona hivyo inajizima. Waya ulipata moto, mota ikaunguruma bila kuzunguka, na betri za kuwashia hazikuundwa kumalizwa na kujazwa kila siku.

Jaribio la pili lilikuwa kutumia soketi ya mteja kwa waya mrefu wa kukunjua. Waya mwembamba na mrefu unapunguza volti njiani, mota inapata pungufu, inavuta ampea zaidi kufidia, nao waya unazidi kupata moto. Ukiuacha umejiviringisha kwenye ngoma yake, joto halina pa kutokea. Mara nyingine swichi kuu ya nyumba inakata, na mteja aliyeita fundi wa matairi anabaki hana taa. Tumeacha.

Jaribio la tatu, jenereta ndogo ya petroli, lilifanya kazi vizuri kwenye uwanja wa wazi. Lakini wateja wa ofisini wengi huegesha chini ya jengo, na jenereta kwenye maegesho ya chini ya ardhi ni hatari ya kifo: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Ukiongeza kelele chini ya dirisha la watu walio kwenye mkutano, jibu linakuwa wazi.

Tulipofikia ni benki ya betri za lithiamu za volti 24, peke yake, mbali na umeme wa gari. Kuongeza volti maradufu kunapunguza ampea kwa nusu kwa kazi ileile, na waya unapumua. Fyuzi kubwa imekaa karibu kabisa na betri. Ikikaa mbali, kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi. Betri zinajazwa na alteneta (kifua umeme kinachozungushwa na injini) kupitia chaja ya kati tukiwa njiani, na usiku zinachomekwa ukutani. Kompresa tumeichagua yenye valvu inayoachia upepo wa kwenye bomba inapozimika, ili mota isianze kuzunguka ikiwa na mzigo. Na kuna sheria moja: mota moja kwa wakati. Tangi linajazwa tukiwa barabarani, na tukifika, umeme wote ni wa mashine za tairi.

Tangu hapo mteja hatuombi umeme wala maji. Tunamwomba nafasi tu.

20 Februari: upepo

Tangi la kwanza lilikuwa la lita 24. Kwa kujaza tairi lililokwisha kukaa kwenye rimu lilitosha. Kwa kukalisha ukingo wa tairi jipya, yaani pete ya ndani ya tairi inayoshika rimu, halikutosha, kwa sababu kazi hiyo inataka upepo mwingi kwa ghafla, kabla haujavuja pembeni. Sasa tuna lita 100, na mashine ya kufungua tairi inapata msukumo wa bari 8 hadi 10 inaouhitaji bila kusubiri.

Ukingo ukikataa kukaa, kishawishi cha kuongeza upepo ni kikubwa. Kwa matairi ya magari madogo kikomo chetu cha msukumo ni psi 40. Ukifika hapo na ukingo haujaruka mahali pake, toa upepo wote, paka mafuta ya kufungia upya, geuza tairi kidogo, anza tena. Fundi anasimama pembeni, akitumia bomba refu lenye geji, kamwe hainamii tairi. Ukingo ukikatika, tairi na rimu vinaruka kwa nguvu ya kuua. Zile mbinu za kupuliza kitu kinachowaka ndani ya tairi na kukiwasha hazina nafasi katika gari hili.

Hayo mafuta ya kufungia yawe yale yaliyotengenezwa kwa matairi. Grisi na mafuta ya injini hushambulia mpira na kuacha utelezi, tairi likaja kuteleza juu ya rimu wakati wa breki. Baadhi ya sabuni za kuoshea vyombo zina chumvi inayokula rimu za aloi taratibu.

Tangi tunalitoa maji kila jioni. Yakiachwa yanaingia kwenye mashine na ndani ya tairi, na tangi linaoza kutoka ndani ambako huoni.

11 Machi: ardhi

Karakana ina sakafu ya zege iliyolala sawa. Nyumbani kwa mteja kuna changarawe, nyasi, vigae, lami iliyolainika kwa jua, na mteremko ambao mwenye nyumba ameuzoea hadi hauoni tena.

Jeki ya magurudumu ndiyo iliyotufundisha. Mkono wake unapopanda haupandi wima. Unachora tao, kwa hiyo jeki lazima ijisogeze kidogo chini ya gari. Kwenye zege inajisogeza yenyewe. Kwenye changarawe magurudumu yake yanakwama, na kinachosogea ni gari. Tuliona gari likivutwa pembeni likiwa tayari hewani, tukalishusha papo hapo. Kwenye lami yenye joto vigurudumu vilizama na kuacha mashimo ambayo mwenye uwanja alistahili kuyalalamikia.

Suluhisho ni ubao wa plaiwudi nene, mpana na mrefu wa kutosha kuibeba jeki nzima pamoja na safari yake ya kujisogeza. Kila stendi nayo ina kipande chake. Ubao unatandaza uzito na kuipa jeki uwanja wa kuteleza. Ni kifaa rahisi kuliko vyote ndani ya gari, na sasa hatuondoki bila mbao nne.

Jambo la pili ni breki. Magari mengi yana breki ya mkono inayoshika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki ya mkono haina kazi tena. Gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele likiwekwa kwenye P, kinachoshikwa ni hayo ya mbele. Ukiinua mbele, P haishiki kitu. Kwa hiyo kabla ya jeki tunauliza: gurudumu ninaloliinua ndilo lililokuwa linashikilia gari? Jibu lolote litakalokuja, kabari zinawekwa mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Nati zinalegezwa gari likiwa bado chini, na stendi inaingia kabla mkono wa mtu haujaingia.

Magari ya umeme yana betri sakafuni. Jeki ikikosea mahali pa kuinulia inabonyeza betri yenyewe, kwa hiyo tunabeba vipande vya mpira vinavyoingia kwenye matundu yaliyowekwa na mtengenezaji. Yenye sasipensheni ya upepo huwekwa kwanza katika hali ya kuinuliwa kupitia menyu ya gari, la sivyo yanajaribu kujisawazisha yakiwa juu ya jeki.

Mteremko tunaukataa. Mteja akisema gari haliwezi kusogezwa, tunajaza upepo wa kulifikisha mahali sawa, hatua chache, polepole. Ikishindikana tunaondoka. Bega la barabara yenye magari ya kasi nalo tunalikataa. Hiyo ni kazi ya gari la kuvuta.

29 Machi: balansi

Tairi lilelile, lililopimwa mara mbili bila kuguswa, lilitoa namba mbili tofauti. Mashine ilikuwa mpya na haina hitilafu. Kilichokuwa kinacheza ni gari: sakafu iko juu ya springi, mwenzangu akipanda mlangoni gari linainama, lori likipita linatikisika, na mashine inayopima gramu 5 inauhesabu mtikisiko huo kama kasoro ya tairi.

Kwanza tulifunga mpira chini ya mashine ili kuzuia mtikisiko. Hali ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa mashine sasa ilicheza yenyewe juu ya mpira. Tukautoa, tukafunga bolti moja kwa moja kwenye fremu, kisha tukaweka miguu miwili ya kushusha chini ya sakafu, usawa wa mashine. Miguu ikigusa ardhi gari halikai tena juu ya springi zake upande huo. Wakati wa kupima, injini imezimwa, kompresa imezimwa, hakuna anayepanda.

Uhakiki wetu ni huu: balansi hadi isome sifuri, legeza, zungusha tairi nusu mzunguko kwenye shafti, kaza, pima tena. Ikibaki karibu na sifuri, rimu imekaa katikati. Ikiruka, koni inayoshikilia rimu kwenye shafti haijakaa vizuri au kuna kutu kwenye tundu la rimu. Inaongeza dakika chache, na imepunguza sana simu za "usukani unatetemeka nikifika kasi".

17 Aprili: simu kabla ya safari

Kati ya vyote vilivyotugharimu, safari ya bure ndiyo mbaya kuliko vifaa. Umetumia mafuta, umempotezea mteja asubuhi yake, na umemnyima nafasi mwingine aliyekuwa tayari.

Mwanzo tulikuwa tunawaomba wateja watusomee saizi. Mwingine anasoma nusu, mwingine anasoma kibandiko cha mlangoni wakati gari lilishabadilishwa rimu, mwingine anasoma tairi la mbele na la nyuma ni pana zaidi. Sasa tunaomba picha ya ubavu wa tairi, la mbele na la nyuma. Kwenye picha ya 205/55 R16 91V napata kila kitu: upana wa milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16, uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi, na kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa. Hiyo 91, namba ya uwezo wa kubeba, ndiyo wauzaji wengi wanaipuuza. Gari linalobeba mizigo likivalishwa namba ndogo, saizi inaingia vizuri na tairi linachoka mapema.

Naomba pia picha ya tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Ikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara kadhaa mteja ameita kwa pancha moja, picha ikaonyesha matairi yaliyopasuka nyufa kwa uzee. Ni heri azungumziwe hilo kwenye simu kuliko kushtukizwa gari likiwa juu ya stendi.

Maswali mengine tumeyajifunza kwa kurudi mikono mitupu. Una ufunguo wa nati ya kuzuia wizi? Mara nyingi uko kwenye mfuko wa spea au umesahaulika kwa fundi wa mwisho. Lango la maegesho lina kimo gani? Paa letu refu halipiti kila mahali. Gari liliendeshwa likiwa halina upepo? Msumari uko wapi, kati au pembeni? Mlinzi ana taarifa? Na nani atakuwa na ufunguo wa gari, maana mteja wa ofisini huingia mkutanoni na ufunguo mfukoni.

Orodha hii haikutugharimu kitu, na ndiyo iliyobadilisha mapato kuliko mashine yoyote.

9 Mei: nati

Mashine ya kufungulia nati inatumika kufungua tu. Kukaza kwa mwisho ni kwa mkono, spana ya kupimia mkazo, kwa kupishana kama nyota, gari likiwa limegusa chini. Magari madogo mengi yanaangukia kati ya Nm (newtoni mita, kipimo cha mkazo) 80 na 140, lakini namba sahihi ni ya kitabu cha gari hilo. Nati iliyokazwa kupita kiasi inavuta uzi wa stadi (bolti ambayo nati inafungwa), na mwenye gari hataweza kuifungua akipata pancha usiku.

Tunaangalia pia umbo la sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu: kuna za koni, za duara na bapa. Nati ya koni kwenye rimu ya duara inagusa sehemu ndogo, inaonekana imekaza, kisha inalegea. Gari lililobadilishiwa rimu tunalikagua hilo kabla ya kitu kingine. Kutu kwenye uso wa habu, kitovu ambacho rimu inafungwa, tunaisugua kwa brashi ya waya. Rimu ikilalia kutu, mkazo unaopimwa si wa chuma kwa chuma.

Mkazo unapaswa kurudiwa kupimwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Karakana inamwambia mteja arudi. Sisi ndio tunaotembea, kwa hiyo swali likawa nani arudi kwa nani. Kadi ndogo kwenye usukani haikusaidia. Watu waliitoa na kuiweka kwenye droo. Kinachofanya kazi ni ujumbe wa simu siku mbili baadaye, pamoja na kupanga njia: wateja wa mtaa mmoja wanafuatwa siku moja, na tukirudi mtaa huo tunapitia magari ya wiki iliyotangulia. Upimaji huo hautozwi.

3 Juni: pancha

Uzi wa kuchomeka kutoka nje tumeuondoa kwenye huduma. Ni wa haraka na wateja huuomba, lakini hauonyeshi ndani ya tairi kuna nini. Tunafungua tairi, tunakagua ndani, na kama tundu liko sehemu ya kati ya uso unaokanyaga barabara na halizidi milimita 6, tunaweka kiraka chenye mkia: mkia unaziba njia ya tundu, kiraka kinaziba ndani. Ubavu na bega la tairi hatuvigusi.

Shida ya kufanya hivi nje ni vumbi. Sehemu iliyosuguliwa na kupakwa gundi lazima ibaki safi na kavu hadi gundi ianze kushika, na upepo unaleta mchanga wakati huohuo. Hema lilizuia mvua bila kuzuia vumbi, na kwenye upepo mkali likawa kazi ya mtu mmoja kulishikilia. Tumehamishia kazi yote ya kusugua na kubandika ndani ya gari, mlango umefungwa, feni ndogo inatoa mvuke wa gundi nje. Hema limebaki la kivuli.

22 Juni: maofisini, na matairi ya zamani

Kampuni yenye magari mengi mahali pamoja ndiyo kazi yenye faida: safari moja, jeki moja, magari yanapokezana. Inataka maandalizi yake. Ruhusa ya maandishi kutoka kwa msimamizi wa jengo, koni za kuzungushia eneo, na kuanza kabla wafanyakazi hawajajaa. Matairi mawili mapya yakifungwa kwa pamoja, yanakwenda ekseli ya nyuma hata kama gari linavutwa na mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Madereva hubisha, na huwa natumia muda kuwaeleza hadi waelewe.

Kilichotuzidi ni matairi yanayotoka. Kufikia mchana gari linajaa matairi chakavu, na uzito tuliouondoa Januari unarudi kwa mlango mwingine. Kuyaachia kwa mteja hatukubali. Yakilala nje yanashika maji ya mvua na mbu wanazaliana humo. Yakichomwa moshi wake ni sumu. Tumepata mpokeaji anayeyapeleka kusagwa, na ada yake imewekwa wazi kwenye ankara kama mstari wake.

Hatua inayofuata ni vihisi vya upepo vilivyo ndani ya rimu. Tayari tunaweka kibanduzi (mkono wa mashine unaobandua tairi kwenye rimu) mbali na valvu ili tusivivunje, na tunabadilisha mpira na kiini cha valvu kila tunapofungua tairi. Bado hatuna kifaa cha kuvisoma na kuvisajili kwenye gari, kwa hiyo gari lenye kihisi kilichokufa tunalielekeza kwingine. Ingizo lijalo litakuwa la kifaa hicho.